Koti la Bwana Funguo

Kituoni, upande wa Ngerengere
4 Aprili 1915

Kwa mpendwa Mjomba Mwinjuma, Kinole

Shikamoo Mjomba. Mimi mpwa wako ni mzima, namshukuru Mungu, ila mbu wa huku bondeni wananimaliza. Hofu yangu ni kwenu huko mlimani. Goti lako linaendeleaje? Mama hajambo? Mwambie kanzu aliyonishonea ingali nzima, na mwambie mdogo wangu Salum aache kulala mpaka jua la utosi.

Mjomba, nina maneno mengi. Simu ya waya, hii inayopeleka maneno kwa kugonga, sasa naijua yote. Ikigonga nasikia maneno, kama wewe unavyosikia mvua ukiwa ndani ukajua imefika shamba la nani. Mzungu wa kituo, ambaye watu wanamwita Bwana Funguo, alinijaribu akaona sikosei. Nikamwambia, bwana, basi kazi ya simu iwe yangu kwa jina. Akacheka sana. Akasema kiti cha simu ni cha Mzungu, mtu mweusi anafagia chini yake.

Nikueleze alivyo, ucheke nawe. Mguu wa kushoto anauburuta kwa sababu ya risasi ya zamani. Kabla hajasema neno anagonga meza kwa funguo, ko ko ko, hata kama mko wawili tu ndani. Na salamu hapokei. Ukimwamkia anatoa saa mfukoni anaitazama, kana kwamba umemwuliza saa ngapi. Koti lake jeusi lenye vifungo vya shaba halivui hata jua likiwaka namna gani.

Lakini haya yana mwisho wake. Vijana wote wa reli wanasema vita hivi vitawaondoa Wajerumani. Wakienda zao, Mjomba, kazi zote hizi zitakuwa za nani? Zetu! Nani atapiga simu? Nani atashika bendera, nani atakata tiketi, nani atakuwa karani bomani? Leo kijana akishuka kutoka mlimani anapewa mzigo wa kichwani au anapelekwa kwenye mkonge, basi, hata awe amesoma vipi. Nchi ikirudi mikononi mwetu, Salum atapata kazi ya maana siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nitampa.

Nimekuandikia kwa herufi za shuleni uone mwandiko wangu ulivyonyooka. Severini, yule jirani yenu wa kabichi, atakusomea.

Mpwa wako akupendaye,
Rehani


Kinole, 27 Aprili 1915

Kwa mpwa wangu Rehani, mwana wa Mwaisha

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Sisi hatujambo. Goti langu ni lile lile, linatabiri mvua kuliko wanaolipwa kuitabiri. Mama yako mzima, anauliza unakula nini. Salum naye mzima, na bado analala mpaka jua la utosi. Ulitaka abadilike kwa barua?

Severini alinisomea maneno yako, maana umeona fahari kuniandikia herufi za Wazungu, mimi niliyekushika mkono ukaandika alifu yako ya kwanza kwenye ubao. Haya bwana, msomi. Severini ni Mkristo mwenye adabu zake, na kila akiteremsha kabichi huko kituoni atakuletea barua zangu. Ila mimi nitaandika kwa herufi za chuoni, hizi za Kiarabu. Ukizisahau, shauri yako.

Sasa hilo la kazi. Usidhani mimi nawapenda hao watu. Mwaka ule reli inajengwa nilibebeshwa mataruma ya kulazwa chini ya reli, nikapigwa hamsa ishirini, fimbo zao ishirini na tano, kwa kosa la kuomba maji, na mpaka leo silali chali. Waondoke hata kesho! Lakini nilikuuliza siku unaondoka hapa, na hukunijibu: wakienda, kile kiti wanaondoka nacho? Mtu mwenye kunguni akihama akakuachia kitanda, usifurahie kitanda tu.

Wewe kijana unaona kiti kitupu. Mimi ndiye mndewa, mkuu wa ukoo huu, nakalia kigoda walichokalia wajomba zangu waliokufa, na nakuambia siku ya kwanza nilipokikalia nilikohoa kikohozi cha mjomba wangu. Watu wakaniangalia. Ndiyo maana tuna dawa zetu na maneno yetu ya kumkalisha mtu. Hicho cha Bwana wako kina maneno gani?

Na usiache kumwamkia, hata kama haitikii. Salamu ni yako, si yake.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Kituoni, 16 Desemba 1915

Kwa mpendwa Mjomba

Shikamoo Mjomba. Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo wote. Pokea chumvi anayokuletea Severini, na kitambaa ni cha Mama.

Habari yako ya kunguni niliwahadithia wenzangu, wakacheka, lakini Yunusi mshika bendera akanuna. Akasema, 'Mwambie mjomba wako kunguni huuawa kwa maji ya moto, kitanda hakina kosa.' Nami nadhani anasema kweli. Kiti ni mbao na misumari. Tatizo ni aliyekaa.

Naye aliyekaa anaumwa. Ana homa, kawa wa manjano kama papai. Juzi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza, 'Nikifa, nani atakaa hapa?' Nikamwambia watamleta ndugu yako, bwana. Akasema hana ndugu. Hana mama, hana mke wala mtoto, wala huko kwao hakuna anayemwandikia. Nikamwonea huruma, Mjomba, sikupenda lakini nilimwonea. Nikamwambia pole. Akatazama saa.

Mpwa wako,
Rehani


Kituoni, 11 Februari 1916

Kwa mpendwa Mjomba Mwinjuma

Shikamoo Mjomba. Mimi mzima kabisa, sijui nianzie wapi. Hamjambo nyote? Mama hajambo?

Bwana Funguo amekufa. Wazungu wote wako vitani, hakuna aliyekuja kumzika. Tulikuwa mimi, askari wawili na watu wa reli, tumesimama kimya kama tunazika gogo. Hakuna wa kulia, hakuna wa kuchekesha waliofiwa. Kwetu hata mchawi ana mtani siku ya kuzikwa kwake! Nikasema, basi mtani wake nitakuwa mimi, maana ameniudhi vya kutosha.

Ungekuwepo, Mjomba! Nilivaa koti lake na kofia yake, nikashika funguo zake, nikatoka mlangoni nauburuta mguu wa kushoto. Nikagonga jeneza ko ko ko, nikamwambia, 'Wewe! Unalala saa za kazi?' Watu wakaanza kuguna, halafu wakacheka. Yunusi akaniamkia, 'Salama, bwana?' Nikatia mkono mfukoni nikatoa kiganja kitupu nikakitazama, maana saa yenyewe tulimzika nayo. Watu wakavunjika mbavu, hata askari. Tukamfukia huku tunafuta machozi ya kicheko, na nadhani alizikwa vizuri kuliko alivyoishi. Jioni nikalirudisha koti kwenye msumari wake.

Na habari yenyewe ni hii: simu imekuja kutoka Morogoro. Hakuna Mzungu wa kuleta. Kituo nishike mimi. Mimi Rehani! Wajerumani hawajaondoka bado, na kiti nimekikalia. Sasa nani atakataa kwamba kijana wetu anaweza? Mwambie Mama apige vigelegele.

Mpwa wako mwenye furaha,
Rehani


Kinole, 20 Februari 1916

Kwa mpwa wangu Rehani

Marahaba mwanangu. Huku hatujambo, ila mimi sijambo nusu tangu barua yako isomwe.

Pongezi utazipata baadaye. Kwanza nijibu: nani alikukomboa? Ulikuwepo alipokufa bibi yako. Mtani wetu yule Mzigua alivaa kaniki ya marehemu, akatembea kama yeye, akatugombeza kama yeye, tukacheka na kulia. Ulikuwa mdogo, uliona kicheko tu. Hukuona kilichofuata. Mimi mwenye maiti nilimpa kuku na kibaba cha unga, nikamvua kaniki ile kwa mikono yangu, nikamwita jina lake na jina la mama yake mbele ya watu. Akaitika, akawa mtani tena. Nisingefanya hivyo, nani angejua aliyebaki ndani ya kaniki ni yupi?

Nilipokuwa mvulana kulikuwa na mtu wa Tegetero aliyemcheza marehemu mmoja, na ndugu wa marehemu wakaona uchungu kutoa kuku. Akarudi kwake na nguo ile. Mkewe akampikia mboga anayoipenda, akaisukuma, akataka ile aliyokuwa akila marehemu. Baadaye akahamia nyumba ya marehemu. Akawa anawaita watoto wa marehemu kwa majina yao ya utotoni, ambayo hakuna aliyepata kumwambia. Watoto wakaitika, masikini. Wangefanyaje?

Sasa wewe, kichwa maji, umemcheza mtu asiye na ndugu hata mmoja bara zima. Nani atakuvua? Kujivua mwenyewe ukatundika msumarini si kuvuliwa. Koti hilo usilichome wala usilitupe, maana ukimfukuza humo utamwambia akae wapi? Lifungie mbali. Kiti usikikalie, simu ipige umesimama. Na uje nyumbani upesi. Kazi zipo nyingi, jina lako ni moja.

Mama yako hakupiga vigelegele. Anasema uje.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Kituoni, 2 Mei 1916

Kwa Mjomba Mwinjuma

Shikamoo. Mimi mzima, nanyi natumaini hivyo hivyo.

Usikasirike kwa kuchelewa. Siwezi kuja, kituo hakina mtu mwingine. Mambo ya Tegetero ni ya Tegetero, Mjomba. Koti nalivaa asubuhi tu, masika haya yana baridi. Mguu wa kushoto unaniuma kidogo, nadhani ni kukaa sana.

Nikuambie kitu cha kuchekesha. Jana mama muuza ndizi aliniamkia, nami nikatia mkono mfukoni, nikatazama kiganja, nikamwambia, 'Saa nne kasorobo.' Akacheka, nami nikacheka. Gari la moshi likaingia, na hilo ndilo la saa nne kasorobo, na siku zote huchelewa. Mfukoni hamna kitu, nimepekua. Lakini ukitega sikio kwenye bitana ya koti, kuna kitu kinagonga.

Sasa jambo la maana. Morogoro wanataka vijana wa kupakia mizigo na kutengeneza reli, na wa kuwachagua ni mimi. Si nilisema? Mtu wetu akikaa kitini, vijana wetu wanapata kazi. Mlete Salum na wenzake wenye nguvu, nitawatunza kama mboni ya jicho. Wafike kabla mwezi haujaisha. Kuchelewa hakukubaliwi.

Rehani
Kituo


Kinole, 8 Juni 1916

Kwa mpwa wangu Rehani, mwana wa Mwaisha

Marahaba, ingawa hiyo shikamoo yako umeitupa kama mtu anayetupia mbwa mfupa. Sisi tupo.

Salum aliposikia barua ikisomwa hakungoja ruhusa ya mtu. Tuliamka tukakuta kitanda kitupu, na vijana wengine wanane wa hapa nao hawapo. Salum yule wa jua la utosi, siku hiyo alimtangulia jogoo! Alichukua shoka langu akaacha ndala zake. Mama yako amekaa mlangoni anaangalia njia ya bondeni. Rehani, wale wote ni wana wa dada zangu. Wamekufuata wewe kwa sababu ulisema kuna kazi. Nimekukabidhi.

Na Severini ameniletea maneno nisiyoyapenda. Anasema alimwona Mzungu kasimama kando ya reli, kampa mgongo, naye Severini akavua kofia kwa hofu. Mzungu akageuka, ikawa ni wewe. Akakuita jina. Ukagonga ukuta kwa funguo, ukamwuliza yeye ni nani na kabichi ni za nani. Severini, Rehani! Aliyekuletea salamu za mama yako muda wote huu! Alilia njiani, mtu mzima yule.

Nijibu kitu kimoja tu, sitaki kingine. Ulipokuwa mdogo, radi ikipiga, mama yako alikuwa akikufunika kwa kanga na kukuita jina gani? Niandikie jina hilo.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Kituo, 30 Juni 1916

Kwa Mwinjuma, Kinole.

Barua imefika. Imeandikwa kwa herufi zisizosomeka hapa. Siku nyingine andika vizuri.

Watu tisa wamepokelewa. Wawili wana homa, wanafanya kazi. Mmoja, mrefu, mwenye kovu la moto shingoni, aliniita kaka mbele ya watu, akakataa kuinua mzigo mpaka aitikiwe salamu. Amepigwa hamsa ishirini. Sasa anafanya kazi vizuri.

Lete wengine ishirini. Wavivu wasije.

Bwana wa Kituo

Mjomba shikamoo, naandika hapa chini upesi kwa herufi zako, kwa sababu hizi yeye hazijui. Nani amempiga Salum? Nimemkuta mgongo umechanika. Nimekwenda na mafuta nimpake, akajikunyata akasema bwana usinipige tena. Mimi sikumpiga. Kiganja changu kina malengelenge ya mpini wa kiboko, na wallahi Mjomba sikumpiga. Mama alikuwa akiniita Kifaranga. Nitunzie jina hilo, nisije nikalisaha


Kinole, 15 Julai 1916

Kwa mpwa wangu Rehani, Kifaranga wa Mwaisha

Salamu nyingi zisizo na kipimo. Sisi wazima. Shikamoo yako niliipokea, ile ya chini, nami nakuitikia marahaba, marahaba, marahaba, mpaka ikufikie huko uliko. Maneno ya juu Severini alianza kuyasoma mbele ya mama yako, nikamwambia anyamaze. Lakini alikwisha kusikia la Salum.

Nilitaka kukulaani. Nikuambie kweli, nilifungua kinywa. Kisha nikayasoma tena yale ya chini, mkono wako ule ule niliokufundisha, alifu yake imepinda kama ulivyokuwa ukiipinda utotoni, nikashindwa.

Nikawaita wazee wa lukolo, ukoo wetu wa kwa mama. Nikawaambia: kijana hakomboleki ila na mwenye maiti, na maiti yule hana mwenyewe. Basi tumfanye wetu. Wakaguna. Mmoja akaniuliza, 'Mwinjuma, waliokuchana mgongo ni ndugu zake, leo unamwita mwanao?' Nikasema ndiyo, na inaniuma kuliko zile fimbo. Mama yako alipoambiwa yeye ndiye awe mama wa marehemu, aliruka. 'Nimzae Mzungu mimi? Kwa tumbo gani?' Akatoka kwa hasira. Baadaye tukamsikia nyuma ya nyumba analia, kilio cha msiba kabisa, mwanangu umekufa ugenini hata wa kukufumba macho hukupata. Wanawake wakamfuata wakalia naye. Ilipofika jioni hatukujua tena anayeliliwa ni yupi kati yenu wawili.

Basi matanga amewekewa. Mama amepata, na mjomba amepata, ndimi. Mvua ikipungua nakuja na kuku na unga nikukomboe. Goti hili litashuka mlima, litake lisitake.

Na kuhusu kazi, hukukosea kuitaka. Nilikutania sana, lakini hilo ulijue. Kijana anayejua simu apewe simu, na Salum apewe kitu bora kuliko mzigo. Watu wanasema vita vinakaribia na Wajerumani wanafunga mizigo. Siku wakiondoka nataka kitini akae Rehani, mwenye kuitikia salamu za watu, si mwingine aliyevaa sura yake. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu.

Mjomba wako, na mjomba wa marehemu,
Mwinjuma


Kituo, 18 Agosti 1916

Kwa Mwinjuma, Kinole.

Mizinga inasikika upande wa Dakawa. Waya wa Morogoro umekatwa. Simu inaendelea kugonga na amri zinaendelea kufika. Watu ishirini hawajaletwa.

Mzee mmoja amekuja na kuku. Amekaa barazani tangu asubuhi, amefukuzwa, haondoki. Anasema ni mjomba wa marehemu. Marehemu yupi? Hapa hakuna aliyekufa. Anasema jina lake ni Mwinjuma wa Kinole. Mwinjuma wa Kinole ni wewe ninayekuandikia. Njoo useme mzee huyu ni nani. Usipofika, kesho atapewa mzigo kama wengine.

Bwana wa Kituo

Mjomba, uko wapi? Nasikia sauti yako barazani, unaulizana hali na watu. Kila nikifungua mlango namwona mzee mgeni kashika kuku, na mdomo wangu unamfukuza. Nimekungoja sana. Niandikie, barua zako bado nazitambua.


Barazani kwako, 18 Agosti 1916

Kwa mpwa wangu Rehani, mwana wa Mwaisha, Kifaranga

Marahaba mwanangu. Mimi ni mzima, goti limevimba lakini limefika. Mama yako hajambo, anakusalimu, amekufungia ndizi za kuchoma. Severini alipewa barua yako mlangoni aipeleke Kinole, akaja kunikabidhi mimi hapa hapa, wino haujakauka. Salum yuko kando yangu. Ndiye aliyenitafutia karatasi. Anaogopa mlango wako, lakini nilipomwambia akae mbali alikataa.

Kama sura yangu huioni, basi soma. Maneno haya yalipaswa kusemwa kwa kinywa. Kwa kuwa herufi hizi yeye hazijui, msomee kwa sauti, mpaka mwisho, hata akigonga.

Wewe Bwana Funguo, mwana wa dada yangu Mwaisha. Umeliliwa. Matanga yako yamekaliwa, ugali wako umeliwa, wanawake wa Kinole wamenyoa nywele kwa ajili yako. Ndugu unao sasa. Huna deni la kazi hapa, wala gari la moshi la kungoja. Nenda ukapumzike. Mimi mjomba wako namlipa aliyekucheza, kuku huyu na kibaba hiki cha unga, mbele ya mdogo wake na mbele ya Severini.

Na wewe mtani, umetuchekesha, umemaliza. Rehani! Rehani wa Mwaisha! Itika uvuliwe.

Askari wako wote wamekimbia, na Yunusi anasema kesho au keshokutwa wageni wengine watafika hapa na bendera yao. Wataangalia ni nani amekaa kitini. Sitaki wamkute yule. Mwanangu, nimechoka na nina hofu, na siku zote nimekufokea kuliko nilivyokupenda kwa maneno. Nipe salamu tu. Ipitishe chini ya mlango.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Shikamoo Mjomba.

Nimemsomea mpaka mwisho. Aligonga, halafu akaacha, ameweka funguo mezani. Komeo nimeliondoa. Vifungo vya koti vinanishinda, ingia univue, na Salum aje nawe ashike mkono mmoja.

Ukiingia utamwona mtu amekaa kitini. Mpite tu. Mimi nimesimama nyuma ya mlango.

Mpwa wako,
Rehani